Shangingi la Nyumbani Lipo Kwenye Modi Gani?

Leo, wadogo zangu, tunazungumza habari ya lile gari kubwa la viti saba lililoegeshwa uani, na hasa ile swichi ya kuzungusha iliyo karibu na gia, yenye maandishi H4 na L4. Nimewauliza akina dada wengi, ofisini, kwenye vikao vya harusi, getini shuleni tunaposubiri watoto: ile swichi kazi yake nini? Jibu ninalopata mara nyingi ni hili: "Ile huwa anaigusa baba watoto."

Hapana, mdogo wangu. Gari hilo unaliendesha wewe Jumatatu hadi Ijumaa. Ndilo linalowabeba nyote Desemba kwenda kwa wazee, Rombo, Muleba au Mbinga, na wenyewe mnajua Desemba mvua zinakuwa zimeifanyaje barabara ya kuingia kijijini. Shemeji akipatwa na malaria mkiwa Korogwe, usukani unaupokea wewe, na watoto wako nyuma. Wakati huo si wa kuanza kuuliza H4 ni nini.

Kwa hiyo nataka mkitoka hapa mjue jambo moja kubwa, mengine yote yataning'inia hapo: swichi ile inajibu swali la ardhi. Tairi zimekanyaga nini sasa hivi, na hatua chache mbele kuna nini? Ukishalijibu hilo kwa macho yako, modi unaichagua ungali kwenye ardhi ngumu, kabla hujaingia. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaingia kwenye tope na modi ya lami, gari linakwama, tairi zinachimba hadi tumbo la gari linakalia udongo, ndipo tunakumbuka kuwa kuna L4. Hapo hata L4 haina la kufanya, kwa sababu tairi hazigusi tena kitu cha kushika.

Tuanze na kulijua gari lako, maana haya magari yanafanana sura tu.

Kundi la kwanza ni yale yanayotembea kwa tairi mbili za nyuma mpaka wewe uamue vinginevyo. Land Cruiser mkonga yamo humu, Hilux zimo, na Fortuner nyingi. Utaona H2, H4 na L4. H2 ni tairi za nyuma peke yake. H4 ni tairi zote nne kwa mwendo wa kawaida. L4 ni zote nne kwa gia nzito. Magari haya hayana difu ya kati, na hapo ndipo penye kisa. Ukiweka H4, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawasawa. Gari linapokata kona, tairi za mbele husafiri njia ndefu kuliko za nyuma. Ni kama safu ya gwaride inapogeuka: askari wa nje anapiga hatua ndefu, wa ndani anapiga fupi, na safu inabaki imenyooka. Sasa wafunge wote kwa fimbo moja miguuni, uwaamuru wapige hatua sawa. Mmoja lazima aburuzwe.

Kwenye tope au changarawe tairi inaburuzwa kidogo, mambo yanaendelea. Kwenye lami kavu haiwezi kuburuzwa kirahisi, kwa hiyo mkazo wote unaingia ndani, kwenye propela, difu na giaboksi ya pili. Dalili zake utazisikia mwenyewe ukikata kona ya kuingia sheli: usukani unakuwa mzito, gari linagoma kana kwamba kuna mtu amevuta hendibreki, tairi zinalia. Na ukitaka kurudi H2, inakataa kutoka. Usiilazimishe. Rudisha gari nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, ule mkazo utaachia, kisha ujaribu tena. Kwa hiyo magari ya kundi hili, lami kavu ni H2, basi. Mvua kubwa ikilowesha barabara, au ukiingia vumbini, ndipo unaongeza.

Mkonga wa zamani una jambo lake la ziada. Inama utazame katikati ya magurudumu ya mbele: kuna vifungio viwili vya duara, kila kimoja kimeandikwa LOCK na FREE, vinazungushwa kwa mkono. Visipokuwa kwenye LOCK, unaweza kuweka H4 ndani hadi kesho, tairi za mbele hazipati kitu. Kabla ya kuondoka kwenda mahali pabaya, shuka ufunge vyote viwili. Ukisubiri mpaka ukwame, utaenda kuvizungusha ukiwa umepiga magoti kwenye matope.

Kundi la pili ni Prado nyingi zilizoingia kwetu, Land Cruiser VX nyingi pamoja na zile tunazoziita V8, na Land Rover Discovery. Hapa tairi zote nne zinapata nguvu muda wote, na kuna difu ya kati inayoziruhusu za mbele na za nyuma zipishane mwendo kwenye kona. H2 hutaiona. H4 ndiyo hali yake ya kila siku. Unatoka nayo Dar unafika nayo Mwanza, haiharibu kitu. Ila kwenye hizo za Toyota kuna kitufe kingine pembeni, chenye mchoro wa magurudumu manne na alama ya X katikati. Hicho kinafunga ile difu ya kati. Ukikibonyeza, gari lako linakuwa na tabia ya kundi la kwanza: zuri mno kwenye tope, baya kwenye lami kavu. Prado za zamani zina mkono wa pili karibu na gia badala ya swichi na kitufe, lakini kazi ni ile ile.

Kwa nini difu ifungwe? Kwa sababu difu iliyo wazi inapeleka nguvu mahali penye ulegevu. Tairi moja ikining'inia hewani au ikikaa kwenye utelezi, nguvu zote zinakimbilia huko, inazunguka bure, na zile tatu zilizo kwenye ardhi nzuri zinabaki zimetulia. Ukifunga, mbele na nyuma zinagawana kazi, hata kama upande mmoja umepoteza nguvu ya kushika. Usishtuke ukiona taa ya VSC OFF imewaka kwenye dashibodi baada ya kufunga. Kwenye Prado mfumo ule wa kuzuia gari lisiserereke huzimika wenyewe difu ya kati ikifungwa. Ukishavuka, fungua, utaiona taa inazima. Hilo la kufungua ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mtu anavuka korongo moja Handeni, anafika Segera, anaingia lami na difu imefungwa, anaendesha hadi Chalinze huku akishangaa usukani umekuwaje.

Wenye Pajero mna raha ya peke yenu. Ile yenye 2H, 4H, 4HLc na 4LLc imeunganisha makundi yote mawili: 2H ni tairi za nyuma, 4H ni zote nne na unaweza kutembea nayo kwenye lami, na kila unapoona Lc ujue difu ya kati imefungwa, kwa hiyo lami kavu hapana.

Kundi la tatu ni magari ya familia ya umbo la shangingi lakini yenye moyo wa gari dogo: Vanguard, RAV4, Harrier, X-Trail na wenzao. Mengi ya haya husukumwa na tairi za mbele, na kompyuta ikihisi zinateleza inapeleka sehemu ya nguvu nyuma. L4 haimo kabisa. Baadhi yana kitufe cha LOCK, ambacho huziunganisha za mbele na za nyuma kwa mwendo mdogo, na mengi hujifungua yenyewe ukizidi kama kilomita 40 kwa saa. Ni magari mazuri kwa utelezi wa kawaida, nyasi zilizolowa, mchanga mwepesi wa uani. Mlima wa tope wenye mashimo ya malori usiyapeleke. Na angalieni sana: mengi ya haya yanakuja kutoka Japani yakiwa na tairi mbili tu zinazovuta, ingawa kwa nje hutaona tofauti. Usiamini maneno ya muuzaji. Piga magoti nyuma ya gari, tazama katikati ya magurudumu ya nyuma. Kama hakuna propela inayotoka mbele wala difu nyuma, hilo ni la tairi mbili.

Sasa tuje kwenye L4, ambayo ndiyo watu wanaiogopa zaidi na ndiyo itakayokusaidia siku ya shida.

L4 haiongezi idadi ya tairi zinazovuta. H4 na L4 zote ni tairi nne. Tofauti ni gia. Kwenye Prado, L4 hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya mzunguko kwa takriban mara mbili na nusu. Gari linatambaa, injini ina nguvu tele, na wewe unapata muda wa kufikiri. Namna ya kuiweka ni hii, na ningependa uifanye uani leo jioni. Simamisha gari kabisa. Kanyaga breki usiiachie. Weka gia kwenye N. Zungusha swichi kwenda L4. Nyingine inabidi uibonyeze ndani kwanza ndipo izunguke. Taa kwenye dashibodi itaanza kuwaka na kuzima. Subiri. Utasikia mlio mdogo chini ya sakafu, taa itatulia, ndipo uweke D au gia ya kwanza uondoke. Taa ikiendelea kupepesa, usikanyage mafuta kwa hasira. Baki N, lisogeze gari kidogo tu mbele au nyuma, meno yatakutana. Kurudi H4 ni hatua zile zile. Nimewaona watu wanajaribu kuizungusha gari likitembea, na giaboksi inalia kilio ambacho fundi atakutoza kukisikiliza.

Matumizi makubwa ya L4, kwa maoni yangu, ni mteremko kuliko mlima. Kupanda ukishindwa, unasimama. Kushuka ukishindwa, gari halisimami.

Chukueni bonde la Ngorongoro. Magari yanayoruhusiwa kushuka kule ni yale ya tairi nne peke yake, na ukifika ukingoni unaelewa mara moja, kwa sababu sakafu ya kreta iko kama mita 600 chini yako na njia imechongwa ubavuni mwa ukuta. Gari lenye watu saba, mabegi na boksi la chakula lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Ukilishusha uzito huo kwa breki peke yake, mguu haubanduki kwenye pedeli, breki zinachemka, halafu zinaanza kulainika. Unakanyaga na gari haliitikii kama mwanzo. Ukiweka L4 na gia ya kwanza au ya pili ukiwa bado juu, injini yenyewe inalishikilia gari, linashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na breki unazigusa kidogo tu kwenye kona. Prado na V8 nyingi zina pia kitufe cha kusaidia kushuka, kimechorwa gari likiwa kwenye mteremko. Kwenye L4 kinashika breki chenyewe, tairi moja moja, na wewe unabaki na usukani tu. Mara ya kwanza utasikia mngurumo na mtetemo chini ya miguu. Ndivyo kinavyofanya kazi, usiogope ukakanyaga breki kwa nguvu.

Huo ni mteremko wa vumbi na mawe. Mteremko wa lami ni habari nyingine. Kitonga, kwa mfano, unapotoka Iringa, au zile kona za kutoka Lushoto kuteremkia Mombo kwa kilomita zipatazo 33, lami nyembamba, korongo upande mmoja. Pale huhitaji L4. Unahitaji H4 au H2 yako ya kawaida, halafu gia ndogo. Kwenye gia za otomatiki, zima O/D kama gari lako lina kitufe hicho, au toa D uweke 3, na pakizidi ukali weka 2. Kwenye Prado za karibuni unasukuma mkono kwenda S na kuchagua gia mwenyewe. Kanuni ya wazee wa malori bado ni nzuri: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo ukipungua achia zipoe, kisha rudia. Kukanyaga laini bila kuachia, toka juu hadi chini, ndiko kunakozichemsha. Na wale wanaoweka N mteremkoni ili kuokoa mafuta, jamani, naomba mniahidi mtaacha. Gari lenye watoto halishuki mlima likiwa free. Injini imekatwa, breki zinabeba kila kitu, na malori ya shehena ya Zambia yako mbele yako yanatambaa kwa kilomita 15 kwa saa.

Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kusimama pasipo na kona, acha breki zipoe zenyewe kwa nusu saa au zaidi, watoto wanywe maji kivulini. Usizimwagie maji diski zikiwa za moto, zitapinda.

Tope sasa. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaoukuta tambarare ya Mkata kule Mikumi na sehemu nyingi za Usukumani, kiangazi ni mgumu kama saruji na una nyufa. Mvua ikinyesha unageuka gundi. Unajaza mifereji yote ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kama mpira wa miguu, na hapo modi haina msaada mkubwa kama tairi zenyewe ni za lami zilizokwisha. Kama lazima upite, simama kwanza. Shuka, tembea kwa miguu, mtazame aliyepita kabla yako alipita wapi. Rudi, funga difu ya kati au weka H4, na kama kipande cha tope ni kirefu weka L4. Tumia gia ya pili au ya tatu ya L4, kwa sababu ya kwanza ina nguvu mno na itazifanya tairi zizunguke papo hapo. Ingia kwa mwendo wa wastani usiobadilika, usikate usukani ghafla, usisimame katikati. Ukihisi gari limesimama na tairi zinazunguka, achia mafuta mara moja. Kila sekunde ya kuzungusha inakuchimbia kaburi la gari. Rudi nyuma kwenye njia yako mwenyewe ulipopakandamiza tayari, ujaribu tena. Na kama gari linapoteza nguvu kila ukikanyaga mafuta, ni TRC, mfumo unaozuia tairi zisizunguke bure. Kwenye tope zito na mchanga izime kwa muda, ukitoka uiwashe.

Mchanga una siri moja inayozidi modi zote: upepo wa tairi. Upunguze hadi psi 18 au 20, tairi itapanuka na kuelea juu badala ya kuchimba. Wasomaji wetu wa Muscat, mnaowapeleka watoto kwenye machanga ya Sharqiya mwisho wa wiki, hili mnalijua kuliko sisi. Nanyi ndio mlionikumbusha kizuizi cha polisi cha Birkat al Mouz, ambapo gari lisilo la tairi nne haliruhusiwi kupanda mlima wa Jebel Akhdar. Kule juu pia ushauri wa gia ndogo wakati wa kushuka unawahusu. Kwa sisi wa fukwe za Pangani na Kigamboni, beba ile pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, kwa sababu ukirudi barabarani lazima ujaze tena. Tairi legevu kwa kasi ya lami huchemka na kupasuka.

Barabara ya changarawe kavu watu wanaidharau. Wenye gari la kundi la kwanza wengi wanabaki H2 "kwa sababu hakuna tope". Lakini changarawe juu ya ardhi ngumu inateleza kama punje za mtama, na gari refu linalosukumwa na tairi za nyuma, likiwa na mizigo mizito nyuma ya kiti cha tatu, mkia wake unapenda kukimbilia pembeni kwenye kona. Weka H4. Haihitaji kusimama, kwenye magari mengi inaingia ukiwa kwenye mwendo, ila tazama kitabu cha gari lako kinaruhusu kilomita ngapi kwa saa, na nyoosha usukani kwanza. Utaona gari linatulia. Utulivu huo usikudanganye ukaongeza kasi; baki chini ya 80.

Kuhusu Eco, Normal na Sport sitawachelewesha. Eco inalegeza pedeli ya mafuta na kupunguza nguvu ya AC. Iweke kwenye foleni ya Ubungo, inakufaa. Itoe kabla ya kulipita lori, maana mguu wako umezoea gari linaloitika na Eco inalifanya liitike kwa kuchelewa. Sport, au PWR kwenye magari ya zamani, inashikilia gia ndogo kwa muda mrefu. Ni nzuri kupandia Kitonga ukiwa umepakia, mahali pengine inakula mafuta bure. Kitufe cha SNOW au 2nd, ambacho wengi wanadhani hakituhusu kwa kuwa hatuna theluji, kinafanya gari liondoke kwa gia ya pili ili tairi zisizunguke. Asubuhi ya mvua kwenye kilima cha utelezi cha mtaani kwenu, hicho ndicho kitufe chako.

Baadhi ya magari mapya yana swichi ya picha: mchanga, mawe, matope, nyasi. Land Rover ndio walioileta kwenye Discovery 3 mwaka 2004, na wengine wakafuata kwa namna zao. Ukichagua mchanga, kompyuta inaruhusu tairi zizunguke zaidi ili gari lisipoteze mwendo. Ukichagua nyasi na changarawe, inalainisha pedeli na kuzuia tairi mapema. Ni msaada mkubwa, lakini kompyuta haioni shimo lililofunikwa na maji. Wewe ndiye unayeliona, na wewe ndiye uliyeichagua ile picha.

Naomba sasa mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza maisha. Hakuna modi inayofupisha umbali wa kusimama. Tairi nne zinazovuta zinakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama, kila gari linategemea breki, tairi na kasi, na shangingi lako ni zito kuliko kigari cha jirani. Dada anayepita wenzake kwa kasi kwenye mvua ya Chalinze kwa kuwa "hili ni V8" ananitia hofu ya kweli. Vilevile maji. Mto uliofurika, au Jangwani siku ya mafuriko: maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kubeba magari mengi, yakiwemo haya makubwa. Gari likianza kuelea, tairi zote nne zinazunguka majini. Geuza gari kabla hujaingia. Laleni gesti. Hata kama ni msibani mnakokwenda, maziko yanaweza kufanyika bila wewe, na wazee watakuelewa.

Zoezi la nyumbani. Jumamosi moja, kabla ya Desemba, mchukue shemeji, mtafute uwanja wa vumbi usio na watoto. Yeye akae kiti cha abiria, mikono mapajani, asikuguse usukani. Weka H4, weka L4, funga difu, fungua, washa kile kitufe cha kushukia kwenye tuta dogo. Mwite na kijana wenu mwenye leseni naye afanye. Kwa magari ya kundi la kwanza zoezi hili lina faida nyingine: sehemu za mbele zisipotumika kwa miezi hukauka oili na kugandamana, na Toyota hushauri kutembea nayo kwenye tairi nne angalau kilomita 16 kila mwezi. Fanyeni vumbini, siyo lami.

Na wewe uliyeniandikia kwamba wiki ijayo unakwenda kununua Prado ya mkononi: usiridhike na kuwasha redio na kukagua viti. Mwambie muuzaji unataka kuiona L4 ikiingia, hapo hapo. Simama, N, zungusha, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Taa ikipepesa bila kutulia hata baada ya kulisogeza gari kidogo, kile kimota kidogo cha kubadilishia kimeganda au nyaya zake zimeliwa na kutu, na ni ukarabati wenye gharama. Kisha bonyeza kitufe cha difu ya kati, uende mita chache vumbini uone taa inawaka, ukifungua inazima. Akikuambia "hiyo hatuitumiagi, dada, gari ni la mjini", mwambie apunguze bei au ondoka na hela zako.